UZI: Vijiti vinne vya mtandao, simu kumi na moja hazikupita. Nani atanieleza?

#1 Mtu_wa_Molo

Wadau, salamu. Nina swali, na nina hasira kidogo, mnivumilie.

Alhamisi iliyopita, saa tatu kasoro usiku, trela la vitunguu lilishuka mteremko wa Sachangwan kwa nyutro, breki zikaisha, likalala ubavu katikati ya lami. Mimi nimesomea huduma ya kwanza na huwa najitolea barabara hii, na nilikuwa karibu. Utingo alikuwa amebanwa mguu ndani ya kebini. Nilishika tochi kwa meno, mkono mmoja nimekandamiza paja lake kwa shuka, mkono wa pili napiga simu. Vitunguu vilikuwa vinabingirika barabara nzima, magari yanavikanyaga, macho yanatoka machozi hata kabla hujajua kama unalia.

Vijiti vinne. Napiga, inakata. Hata kuita haiiti. Mara kumi na moja, nilihesabu asubuhi yake. Nikaacha kupiga nikamwandikia mwenzangu aliye Molo mjini: "Sachangwan trela mguu njoo." Ujumbe ukaenda papo hapo, na gari likaja kwa maneno hayo manne.

Swali: vijiti vinne, simu inagoma, ujumbe unapita. Kwa nini?

Na dai langu: ikitokea ajali kama hiyo, kampuni ziwafungie watu wengine wote hapo, watuachie laini sisi wa uokoaji. Robo saa tu. Wale waliokuwa wakirusha video hawakuwa na haraka yoyote.

#2 Kaka_wa_Kondele

Pole sana. Lakini tuanze na la msingi: ulikuwa na kredo? 😂

#3 Mtu_wa_Molo

@Kaka_wa_Kondele 999 haiulizi kredo, omera. Nne kati ya zile kumi na moja zilikuwa 999.

#4 Fundi_wa_Busta

Nimepanda minara tangu Kabarnet hadi Kendu Bay, miaka tisa. Wacha niseme ninachojua.

Vijiti vinakuambia jambo moja tu: simu yako inausikia mnara vizuri. Havikuambii kama mnara una nafasi. Ni kama kuiona matatu inakuja na taa zake zote zinawaka; ikifika, imejaa. Kwenye 2G, masafa moja yanagawanywa vipande vinane vya muda, na kipande kimoja au viwili ni vya kazi za mnara wenyewe. Busta (mnara) la kijijini lenye masafa mawili au matatu kila upande kwa kawaida halibebi hata watu thelathini wakiongea kwa pamoja upande huo. Sasa wewe uko Sachangwan, foleni ya magari imefika Salgaa, na kila abiria anampigia mkewe kumwambia atachelewa.

Ujumbe mfupi haukai kwenye kiti. Unapita kwenye ile njia ya mnara na simu kusalimiana, ile ile inayotumika kuita simu yako kabla haijalia. Ni kifurushi unachompa makanga dirishani. Gari limejaa, lakini bahasha inasafiri.

#5 Jirani_Njoro

Asante Fundi, ila umetueleza mambo ya 2008. Siku hizi tuko 4G.

#6 Fundi_wa_Busta

@Jirani_Njoro Uko 4G ukiwa unatazama video. Kwenye simu nyingi huku kwetu, ukibonyeza kupiga, simu inashuka yenyewe hadi 3G au 2G ndipo iongee, isipokuwa simu yako na laini yako zote zimewezeshwa kupiga moja kwa moja kwenye 4G. Angalia juu ya kioo siku moja ukiwa unaongea. Ile alama ya 4G hupotea. Kwa hiyo jamaa yetu aliona vijiti vinne vya 4G, akaenda kupanga foleni kwenye mlango wa 2G.

#7 Chebo_wa_Kuresoi

Chamgei. Mimi sikubali ni msongamano. Ninaishi ng'ambo ya bonde hilo. Hapo Sachangwan barabara imekatwa kwenye mlima, na usiku ukungu unashuka mpaka huoni mbuzi. Ukungu ndio unakula mtandao. Hata redio hukwaruza.

#8 Fundi_wa_Busta

@Chebo_wa_Kuresoi Ukungu haufanyi lolote la maana kwa masafa ya simu ya megahezi 900. Mvua kubwa ndiyo huumiza, tena haiumizi simu yako, inaumiza zile sahani nyeupe za mnara kwa mnara, kwa sababu zenyewe hutumia masafa ya juu sana. Lakini mlima umesema kweli. Kuna jambo watu husahau: mnara unapiga kelele kwa wati ishirini na zaidi, simu yako ya 4G inajibu kwa robo ya wati, hata haifiki. Unamsikia, yeye hakusikii. Vijiti vinne vinaweza kuwa vya upande mmoja.

#9 Chebo_wa_Kuresoi

Kwa hiyo umekubali kuwa ni mlima.

#10 Fundi_wa_Busta

Nimekubali INAWEZA kuwa mlima. Usiniwekee maneno mdomoni, mzee.

#11 Mama_wa_Nyalenda

Habari zenu. Mimi nilipokea simu za ambulensi Kisumu kwa miaka minne, sitasema ni kwa nani. Nawasoma mnavyogombania mnara, nacheka.

Simu nyingi zilipita. Tatizo lilianza zilipopita. "Kuja haraka, mtu anakufa." Uko wapi? "Hapa." Hapa wapi? "Kwa Mama Atieno, ukipita ule mti mkubwa." Kisumu nzima ina Mama Atieno wangapi? Mara nyingine mtu anapiga akiwa amemtoroka mgonjwa, amekimbia mpaka kwenye kilima ndipo apate mtandao, na hawezi kuniambia kama mgonjwa anapumua. Na katikati ya hayo, watoto. Laini ya bure ni mchezo wa watoto wakati wa likizo. Wanapiga, wanacheka, wanakata. Mwezi wa Agosti na Desemba nilikuwa nasikia kicheko hata nikilala.

Kwa hiyo @Mtu_wa_Molo, yale maneno yako manne yalikuwa na kitu ambacho simu nyingi hazina: mahali, jambo, kiungo, ombi. Labda gari halikuja kwa sababu ujumbe ulipita. Labda lilikuja kwa sababu uliandika vizuri.

#12 Mtu_wa_Molo

@Mama_wa_Nyalenda shikamoo. Hilo sikuliwaza.

#13 Boda_wa_Pipeline

Mambo ya kuwafungia watu laini, hapana. Mwaka jana nilimbeba mama mjamzito kutoka Free Area, foleni imekwama kwa sababu ya ajali ambayo sikuiona hata kwa macho. Alikuwa anampigia mkunga. Kwa sheria yako huyo mama ni mtu wa video, anakatwa. Nani amekuambia dharura ni moja tu kwa wakati?

Na sisi wa boda ndio hufika kwanza, si nyinyi wa shuka na tochi (bila kukudharau, kaka). Tuna grupu letu, mtu akianguka tunaarifiana kwa sauti, dakika tano tuko hapo.

#14 Jirani_Njoro

@Boda_wa_Pipeline grupu lenu linatumia bando kwenye mnara huo huo. Busta likijaa, sauti zenu zinazunguka tu na kile kiduara.

#15 Boda_wa_Pipeline

Kiduara tunakijua. Kinazunguka halafu zinafika kumi kwa mpigo 😂 saa hiyo mgonjwa ameshalazwa.

#16 Msomi_Egerton

Dai la #1 si wazimu, tatizo ni namna lilivyotamkwa. Kitu hicho kipo tayari ndani ya laini zenu. Kila laini imeandikiwa daraja. Sisi wananchi tumegawiwa 0 hadi 9 kama bahati nasibu. Halafu kuna 11 hadi 15 za watu maalum: 12 ni usalama, 13 ni watu wa maji na stima na kadhalika, 14 ni huduma za dharura, 15 ni wafanyakazi wa mtandao wenyewe. Mnara ukizidiwa, unaweza kuambiwa utangaze, "daraja 0 hadi 4 ngojeni", kisha baada ya muda zamu inageuka. Hakuna anayekatwa katikati ya maneno, anazuiwa tu kubisha hodi. Na simu ya dharura ina ruhusa yake pembeni, kwa hiyo mama wa @Boda_wa_Pipeline akipiga 112 hazuiwi mpaka mnara uamriwe kuzuia hata hizo.

Wamarekani walienda mbali zaidi. Tarehe 11 Septemba 2001 polisi na wazima moto wa New York hawakuweza kusemezana, kila kikosi na redio yake. Ikawachukua mpaka 2012 kupitisha sheria ya mtandao mmoja wa waokoaji, FirstNet, wenye masafa yake kwenye megahezi 700. Humo mzima moto akipiga na nafasi hakuna, mtu wa kawaida anaondolewa ili apate. Korea Kusini walijenga wao baada ya ile meli ya Sewol kuzama 2014.

#17 Mtu_wa_Molo

@Msomi_Egerton basi hilo la daraja 14 ndilo nililotaka kusema. Laini kama hiyo naipata wapi?

#18 Msomi_Egerton

Haiuzwi kwa wakala, mzee wangu. Na wewe ni wa kujitolea. Hapo ndipo mambo yote hukwama: nani ni mwokoaji? Polisi, sawa. Zimamoto wa kaunti, sawa. Mwenye shuka na tochi?

#19 Kaka_wa_Kondele

Ikianza kutolewa, wiki ya kwanza watakuwa nayo MCA (madiwani wa kaunti) wote na mabinamu zao.

#20 Boda_wa_Pipeline

@Kaka_wa_Kondele umefunga uzi 😂😂

#21 Fundi_wa_Busta

Kwetu Kenya polisi walianza kujengewa mtandao wao na Safaricom 2014, kamera pamoja na simu za mkononi, ukaanzia Nairobi na Mombasa. Sachangwan si Nairobi wala Mombasa.

#22 Mvuvi_wa_Mfangano

Nyinyi wa nchi kavu mnalalamika mkiwa na mnara mbele ya macho. Njooni ziwani.

Tukitoka na mashua usiku, simu iko ndani ya nailoni mbili, imefungwa kwa mpira, iko kifuani. Ukifika ndani ya maji, inalia: "Karibu Uganda." Hujavuka chochote, unatafuta omena. Sasa upepo ukija, ukipiga nambari ya dharura, anapokea nani? Na siku nyingine vijiti vipo, simu haiingii kabisa. Niliambiwa maji yanameza mtandao.

#23 Fundi_wa_Busta

@Mvuvi_wa_Mfangano kinyume chake! Maji hayana mlima wala nyumba, mtandao unateleza mbali kuliko nchi kavu. Ndiyo maana unapata Uganda. Kilichokukamata ni saa. Mnara wa 2G hupima muda ambao sauti yako inachukua kufika, na kipimo chake kinaishia hatua ya 63, karibu kilomita 35. Ukiwa kilomita 36 unausikia vizuri tu, lakini jibu lako linafika limechelewa, linaangukia kipande cha mwingine, unakataliwa. Kuna minara inayowekwa mpangilio wa kwenda mbali zaidi kwa kutoa vipande viwili kwa mtu mmoja, ila hapo unapunguza viti nusu.

#24 Mvuvi_wa_Mfangano

Kwa hiyo nikirudi nyuma kilomita moja inaingia?

#25 Fundi_wa_Busta

Inaweza.

#26 Mvuvi_wa_Mfangano

Miaka yote hii tunaiinua simu juu tukisimama kwenye mashua. Tungepiga kasia tu. Erokamano.

#27 Mama_wa_Nyalenda

Kuhusu nani anapokea: 112 hubebwa na mnara wowote unaoshika, hata kama si wa kampuni yako, na simu hiyo huishia kwa polisi wa upande wenye mnara huo. Mkishikwa na Uganda mwambieni mapema mko maji ya Kenya, na mtaje ufuo. Na jamani msijaribu kupiga "kuona kama inafanya kazi". Tafadhali.

#28 Omwami_wa_Mumias

Mulembe. Nilikuwa dereva wa trekta la miwa enzi za neema. Tulikuwa na simu ya upepo kwenye kila trekta. Unabonyeza, unaongea, thelathini wanasikia kwa pamoja. Trekta likipinduka Shianda, wa Ekero amesikia, wa karakana amesikia, hakuna cha kupiga nambari. Hakuna mnara wa mtu. Mlingoti mmoja wa kampuni, betri ya gari, basi. Leo mmeacha chombo kilichofanya kazi, mnauliza mbona kipya kinagoma.

#29 Jirani_Njoro

Mzee, hiyo ilikuwa inasikika mpaka shamba la mwisho la miwa tu. Ukitaka Bungoma inakuwaje?

#30 Omwami_wa_Mumias

Kijana, nilikuwa sina kazi Bungoma.

#31 Redio_5Z4

@Omwami_wa_Mumias uko sawa zaidi ya unavyojua. Sisi wa redio za hiari (5Z4 kwenye jina langu ni alama ya redio zetu za Kenya) tunaongea Kisumu hadi Mombasa kwa waya uliofungwa kwenye miti miwili na betri, masafa ya megahezi 7, bila mnara wowote katikati. Hewa ya juu inaturudishia sauti. Tatizo ni kwamba tu wachache, na mtu akiona huo waya anadhani unaiba stima.

#32 Kaka_wa_Kondele

Kwani ile puto iliishia wapi? Tuliambiwa kila kijiji kitapata mtandao kutoka mbinguni. 2019 hivi.

#33 Msomi_Egerton

Si 2019. Loon, kampuni ya puto ya wenye Google, walianza na Telkom Julai 2020, puto kama 35 zikielea kilomita 20 juu, eneo la magharibi na kati, Kisumu na Nakuru zikiwemo. Januari 2021 mwenye mali akatangaza anafunga, na tarehe 1 Machi huduma ikazimwa. Kabla ya hapo zilitumika Puerto Rico baada ya kimbunga cha 2017, minara ilipoanguka. Kwa dharura lilikuwa wazo zuri. Kwa biashara ya kila siku halikulipa.

#34 Chebo_wa_Kuresoi

Tuliziona na darubini. Shosho wa jirani alisema ni nyota ya vita.

#35 Mwalimu_wa_Solai

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naomba niongeze moja.

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, hapa Solai, bwawa lilipasuka juu yetu. Watu wasiopungua 47 walikufa. Hapa mnajadili namna ya mwokoaji kupata laini. Usiku ule hapakuwa na msongamano. Mtandao ulikuwa mzuri. Simu zilikuwa kwenye meza, zinachajiwa, na hazikusema kitu. Waliokuwa juu walisikia mngurumo, waliokuwa chini hawakuambiwa na yeyote. Simu yangu ililia baadaye, watu wakiniuliza kama niko hai.

Kuna njia ya kuziliza simu zote za bonde moja kwa mpigo?

#36 Msomi_Egerton

Pole sana, Mwalimu. Ipo. Mnara hutangaza ujumbe mmoja kama redio, kila simu iliyo chini yake inalia na kuuonyesha, haihitaji nambari ya mtu, na haijali kama viti vimejaa. Ni tofauti na zile jumbe za kutumwa moja moja, ambazo kwa watu elfu kumi zinaweza kuchukua muda mrefu. Wajapani wanaonywa hivyo kuhusu mitetemeko. Marekani walianza 2012.

#37 Mwana_wa_Bunyala

Sawa, na nani anabonyeza? Sisi Budalang'i mto Nzoia ukivunja tuta, mwenye kujua kwanza ni mzee anayelala karibu na tuta. Bulala FM, ile redio ya jamii iliyowekwa na watu wa hali ya hewa, ilitusaidia kwa sababu inasema Kinyala. Bibi yangu simu yake ikilia na maneno ya Kiingereza ataizima ili asimalize betri.

#38 Omwami_wa_Mumias

Na betri zenyewe! Hamjataja stima. Agosti 2023 nchi nzima giza. Kwetu mtandao ulikaa saa chache, halafu busta moja baada ya nyingine.

#39 Fundi_wa_Busta

Ukweli. Mnara hubebwa na betri saa chache, kisha jenereta, na dizeli ya jenereta huwa na tabia ya kuyeyuka gizani, mnielewe. Betri nazo zimewahi kuonekana zikiwasha TV kijijini. Halafu minara imeshikana mikono: wa kilima kimoja unalisha sita au saba. Wa kilima ukizima, saba zinabaki zimesimama na taa nyekundu, simu inaonyesha vijiti, na hakuna kinachotoka. @Mtu_wa_Molo hilo nalo linaweza kuwa lako.

#40 Chebo_wa_Kuresoi

Kama wa kilima ulizima, ujumbe wake ulitokaje?

#41 Fundi_wa_Busta

...umenishika, mzee. Basi toa hiyo.

#42 Boda_wa_Pipeline

Chebo 1, Fundi 0.

#43 Mtu_wa_Molo

Asanteni wote. Utingo amewekewa vyuma, mguu upo. Ndugu zake wameniletea gunia la vitunguu, sijui nifurahi au nikimbie.

Leo mchana nilirudi pale pale, nyuma ya kibao cha mteremko. Nikazima 4G, nione ule mlango wa 2G alioutaja Fundi #6. Vijiti vinne vikawa kimoja. Nikapiga, ikaingia mara ya kwanza, safi kabisa. Nikasogea hatua kama ishirini kuelekea Salgaa, vikawa vitatu. Nikarudi, kimoja. Kwa hiyo ni mlima au ni foleni?

#44 Chebo_wa_Kuresoi

Mlima!

#45 Jirani_Njoro

Imeingia mara ya kwanza na kijiti kimoja, halafu unasema mlima?

#46 Fundi_wa_Busta

Mchana hapakuwa na foleni. Nenda Alhamisi saa tatu usiku, uende na laini mbili na kabambe (simu ya vitufe) moja isiyo na 4G. Na uvae rifulekta, tusije tukakuandikia uzi mwingine.